Jiwe jeusi, zito, linalovutwa na sumaku: je, ni kimondo?

Msomaji ameuliza: "Nikiwa nalima niliokota jiwe jeusi linalozidi ngumi kidogo. Ni zito kuliko mawe yote ya hapa, juu lina vishimo vidogo vingi, na sumaku inalivuta. Wiki moja kabla, jirani yangu aliona mwanga mkubwa ukishuka upande huohuo. Je, ni kimondo? Nikilivunja nione ndani nitaliharibu? Na nikitaka uthibitisho, nimpelekee nani?"

Nianze na jibu ambalo huenda hulitaki: kwa maelezo hayo peke yake, jiwe lako lina uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa la hapahapa duniani. Weusi, uzito, vishimo na sumaku ni dalili nne ambazo karibu kila anayeleta jiwe huzitaja, na karibu wote huwa wameshika hematiti au magnetiti (madini ya chuma), basalti (mwamba wa lava iliyopoa) au mavi ya chuma (taka za tanuri la kuyeyushia chuma). Hakuna hata moja kati ya hizo nne ambayo mawe ya dunia yamenyimwa. Moja, ile ya vishimo, huenda hata inashuhudia dhidi yako.

Kwa hiyo geuza namna ya kuuliza. Wengi hukusanya sababu za kuamini kwamba jiwe ni kimondo, na sababu hizo hazikosekani kamwe. Wewe tafuta sababu ya kulikataa. Jiwe likikataliwa kwa kipimo cha dakika tano nyumbani, limekuokolea miezi ya kusubiri majibu. Likipita vipimo vyote, hapo sasa lina haki ya kwenda maabara.

Tumalizane kwanza na mwanga wa jirani. Namwamini kwamba aliuona. Ila kimondo huingia kwenye angahewa kwa mwendo wa kilomita 11 hadi 72 kwa sekunde, na mwanga tunaouona hutokea juu sana. Kwa kawaida huzimika jiwe likiwa bado kwenye kimo cha kilomita 20 hivi, kwa sababu hewa imekwisha kulipunguzia kasi hata halina tena joto la kung'aa. Kutoka hapo hushuka gizani kama jiwe lolote lililotupwa kutoka juu. Mtu anayeona mwanga "ukianguka nyuma ya miti ile" mara nyingi ameona kitu kilichokuwa umbali wa kilomita mia moja au zaidi; kilionekana chini kwa sababu ya umbali huo, hakikutua hapo. Jirani angekuwa shahidi mzuri kama angesikia pia mngurumo au mlio wa kitu kikipita, kwa sababu sauti huwafikia walio karibu na njia yake. Tarehe 14 Agosti 1992 mvua ya mawe ya namna hiyo ilinyesha Mbale, Uganda, na kipande cha gramu 3.6 kikamgonga mvulana kichwani baada ya kupunguzwa kasi na majani ya mgomba. Hakuumia. Haya ndiyo maanguko ya kweli ya mawe madogo: hayawashi nyasi, hayachimbi shimo kubwa, na yakiokotwa mapema huwa ya uvuguvugu au hata baridi. Anayekuletea habari za jiwe lililofuka moshi hadi asubuhi, mwulize maswali zaidi.

Sasa vishimo. Vimondo vingi, hasa vya chuma, huwa na mabonyeo mapana yasiyo na kina, kana kwamba mtu amebonyeza dole gumba kwenye udongo wa mfinyanzi. Hewa yenye joto kali ndiyo huyachonga. Mabonyeo hayo yana kingo laini na yako juu tu, hayaendelei ndani. Lakini vishimo vidogo vingi vya mviringo, kila kimoja kikiwa na ukingo mkali, kwa kawaida ni nafasi zilizoachwa na mapovu ya gesi. Lava ikipoa karibu na uso wa ardhi, gesi iliyomo hutoka na kuacha vitundu hivyo. Tanuri la kuyeyushia chuma nalo hufanya vivyo hivyo kwenye mavi ya chuma. Vimondo karibu vyote havina mapovu. Chukua lenzi ya kukuzia, uangalie penye mchubuko. Ukiona vitundu hadi ndani ya jiwe, kazi imekwisha, wala usijisumbue na yanayofuata.

Kama havimo ndani, tafuta ganda. Jiwe linapopasua angahewa, uso wake huyeyuka na kupeperushwa tena na tena, na utando wa mwisho ulioyeyuka hubaki na kugandia juu yake. Ganda hilo ni jembamba, mara nyingi chini ya milimita moja, jeusi na aghalabu lisilong'aa. Wakati mwingine lina nyufa ndogo ndogo au michirizi myembamba inayoonyesha upande ambao kimiminika kilikuwa kikielekea. Jambo la kutazama ni ukingo uliomeguka, wala si weusi wenyewe. Kwenye kimondo cha mawe kilichoanguka karibuni utaona mpaka ulio wazi: nje cheusi, ndani kijivu cha kupauka, karibu kama saruji. Mawe yaliyookotwa kwenye theluji ya Chelyabinsk, Urusi, baada ya mlipuko wa tarehe 15 Februari 2013, mengi yalikuwa hivyo hasa. Jiwe ambalo ni jeusi nje, jeusi katikati na jeusi mpaka upande wa pili halijapitia hayo, isipokuwa liwe la aina adimu. Na kama jirani yako aliona lako likianguka wiki moja iliyopita, ganda linapaswa kuwa jeusi bichi. Ukikuta rangi ya kutu na udongo ulioshika kwenye nyufa, jiwe hilo halihusiani na mwanga ule hata kama lingekuwa kimondo cha miaka elfu moja.

Tahadhari: mawe yaliyokaa muda mrefu jangwani au kwenye nyika kame hupata rangi nyeusi ya kung'aa juu, inayotokana na manganizi na chuma. Rangi hiyo nayo ni nyembamba na huwahadaa hata watu makini. Ndiyo maana hatuishii kwenye ganda.

Nafika kwenye sumaku, kipimo kinachopendwa kuliko vyote na kinachotumiwa vibaya kuliko vyote. Ni kweli kwamba takriban asilimia 95 ya vimondo huvutwa na sumaku, kwa sababu vina chuma safi kilichochanganyika na nikeli. Kwa hiyo jiwe lisilovutwa hata kidogo lina nafasi finyu. Kinyume chake hakishiki: magnetiti huvutwa kwa nguvu kuliko vimondo vingi vya mawe, basalti nyingi huvutwa kidogo, na mavi ya chuma huvutwa kutegemea yaliyobaki ndani. Sumaku inajua kukataa tu. Kukubali haijui.

Tena kuna hasara ambayo wauzaji na waokotaji wengi hawaijui. Baadhi ya vimondo hubeba kumbukumbu ya uga wa sumaku wa mahali vilikotoka, iliyohifadhiwa ndani ya chembe za madini kwa mabilioni ya miaka. Sumaku zile ndogo zenye nguvu nyingi, za neodimi, zikigusishwa jiwe huifuta kumbukumbu hiyo na kuandika yake. Kimondo maarufu cha Mirihi kinachojulikana kama Northwest Africa 7034, chenye vipande vya ukoko wa kale sana wa sayari hiyo, ndicho mfano unaouma: utafiti uliotolewa mwaka 2023 ulionyesha kwamba sumaku za mikononi zilikuwa zimeharibu rekodi ya vipande vyake vilivyochunguzwa. Basi ukitaka kupima, funga sumaku dhaifu kwenye uzi, iachie ining'inie, kisha usogeze jiwe taratibu na kuangalia kama uzi unapinda. Hakuna haja ya kuvigusisha. Lako umeshaligusisha, nadhani, usirudie.

Kipimo cha kukataa ninachokithamini zaidi hakihitaji chochote ila kigae. Geuza kigae cha bafuni upande wa nyuma usio na rangi ya kung'aa, kisha sugua kona ya jiwe juu yake kwa nguvu kiasi. Hematiti itaacha mstari mwekundu au wa rangi ya damu ya mzee, hata kama jiwe lenyewe ni jeusi tititi. Magnetiti itaacha mstari mweusi au kijivu kilichokolea. Kimondo kibichi hakiachi alama ya maana, pengine kijivu hafifu tu. Kilichozeeka kikashika kutu kinaweza kuacha ukahawia kidogo. Mstari mwekundu uliokolea ni hukumu. Katika mawe mazito meusi yanayookotwa mashambani, hapa ndipo mengi huishia.

Uzito nao upimwe. Kuushika mkononi na kusema "zito" hakutoshi, maana mkono hulinganisha na ukubwa unaoudhania. Tunachotafuta ni densiti, yaani gramu ngapi ziko katika kila sentimita moja ya ujazo, na unaweza kuipata kwa mizani ya jikoni. Pima jiwe kwanza, tuseme limetoka gramu 1,240. Kisha weka bakuli la maji juu ya mizani na uirudishe kwenye sifuri. Funga jiwe kwa uzi mwembamba, ulizamishe lote likiwa linaning'inia, lisiguse chini wala pembeni. Namba itakayojitokeza kwa gramu ni sawa na ujazo wa jiwe kwa sentimita za ujazo. Gawanya uzito wa jiwe kwa namba hiyo. Ikitoka gramu 350, densiti ni 3.5, na hapo ningekaa vizuri kitini, kwa sababu vimondo vya mawe vya kawaida huwa kati ya 3.3 na 3.6 hivi. Ikitoka gramu 410, densiti ni 3.0 na unazungumza na basalti. Ikitoka gramu 248, umepata 5.0, yaani umekaribia kabisa magnetiti (5.2) na hematiti (5.3). Kimondo cha chuma kitakupa kati ya 7 na 8. Angalia pengo lililopo: kati ya 4 na 5 wako mapalasiti, vimondo vinavyochanganya chuma na fuwele za rangi ya kijani-manjano, na hao hutambulika kwa macho kabla hata ya kupima. Vimondo vingine vyenye densiti ya 5 ni adimu mno.

Maji si rafiki wa kimondo, kwani chuma kilichomo huanza kutu mara moja. Kwa hiyo fanya kipimo hiki mwisho wa vile vya nyumbani, au lifunge jiwe kwa karatasi laini ya nailoni iliyobana bila hewa, ukikubali kosa dogo.

Uliuliza kuhusu kulivunja. Usilivunje. Nyundo huliachia mpasuko pale linapotaka lenyewe na kumwaga ganda, ambalo ni ushahidi. Badala yake fungua dirisha: chagua kona moja isiyopendeza, uisugue kwa tupa ya chuma au msasa mpaka upate uso bapa usiozidi ukucha wa kidole. Safisha vumbi kwa kitambaa kikavu, kisha tazama kwa lenzi penye jua.

Kwenye vimondo vingi vya mawe utaona chembe za chuma zinazong'aa kwa weupe wa fedha, zimetawanyika ndani ya jiwe bila mpangilio, nyingi ndogo kuliko kichwa cha pini. Hii ndiyo dalili ambayo miamba ya dunia kwa kawaida haina. Hapa duniani chuma safi hakidumu. Oksijeni na maji hukigeuza oksidi, na tulicho nacho machimboni ni hizo hematiti na magnetiti. Lakini jihakikishie kwamba unachokiona ni chuma. Maika, madini ya vibamba vyembamba, humetameta ukiwa kwenye pembe moja, ukigeuza jiwe kidogo hupotea. Pairiti, madini ya chuma na salfa, ina manjano ya shaba, na ukiichokoa kwa sindano husagika ikawa unga mweusi. Chembe ya chuma cha kimondo ukiichokoa haisagiki. Hukwaruzika na kubonyea. Mavi ya chuma yanaweza pia kuwa na chuma safi ndani, na hapa ndipo watu wenye dirisha zuri hudanganyika. Tofauti ni kwamba humo chuma huwa matone ya mviringo, yamezungukwa na kitu cha kioo-kioo, na mapovu hayakosekani.

Katika dirisha hilohilo tafuta pia viduara. Vimondo vya aina ya kondriti, ambavyo ni zaidi ya nne kwa kila vitano vinavyoonekana vikianguka, vimejaa vitufe vidogo viitwavyo kondruli, vingi vikiwa na kipenyo cha chini ya milimita moja au karibu nayo. Ni matone ya mwamba yaliyoyeyuka na kuganda yakielea angani wakati jua lenyewe lilikuwa changa, zaidi ya miaka bilioni 4.5 iliyopita. Hakuna mwamba wa dunia unaovitengeneza. Kuna miamba ya chokaa yenye vitufe vinavyofanana navyo kwa mbali, ila hiyo huchemka ukiidondoshea siki au asidi, na haina chuma. Mtu akiniletea dirisha lenye kondruli na chembe za chuma pamoja, sibishani naye tena. Ila fahamu kwamba katika vimondo vilivyopashwa moto sana ndani ya mwili mama, yaani gimba la angani vilikomeguka, kondruli hufifia hata zisionekane kwa macho.

Ikiwa dirisha limetoka lote chuma, kama kisu kilichonolewa, uko kwenye kundi jingine. Vimondo vya chuma ni takriban asilimia 5 tu ya vinavyoonekana vikianguka, lakini watu huviokota kwa wingi kwa sababu havifanani na mawe yaliyovizunguka na huchukua muda mrefu kuoza. Vile vikubwa tunavyovijua ni vya aina hii: Hoba ya Namibia, iliyogunduliwa mwaka 1920, ina tani zipatazo 60 na bado ipo ilipotua, Mbozi ya Tanzania ina urefu wa mita tatu hivi. Mpinzani mkuu wa kimondo cha chuma ni kiwanda: vipande vya mashine za zamani, mipira ya chuma ya vinu vya kusagia mawe ya madini, chuma cha kumwaga. Swali hapa ni nikeli. Kimondo cha chuma hakikosi nikeli, nacho kwa kawaida kina kuanzia asilimia 5 hivi kwenda juu. Chuma cha kawaida cha viwandani hakina, na kile kisichoshika kutu chenye nikeli huwa na kromiamu nyingi ambayo kimondo hakina.

Maabara ikikikata, ikakisugua na kukipaka asidi hafifu, mara nyingi hutokea ruwaza ya mistari inayokatizana, iliyopewa jina la Alois von Widmanstätten aliyeichunguza Vienna mwaka 1808. Mistari hiyo ni fuwele za aina mbili za aloi ya chuma na nikeli zilizokua wakati chuma kikipoa polepole mno, kwa kipimo cha digrii kwa kila miaka milioni. Hakuna mhunzi wala tanuri linaloweza kusubiri hivyo, kwa hiyo ruwaza hiyo haighushiki. Kutokuwapo kwake lakini si hukumu: Hoba yenyewe haina, kwa kuwa ina nikeli nyingi, karibu asilimia 16.

Hata chuma safi kina kisa chake. Mwaka 1870 mtafiti Adolf Erik Nordenskiöld alikuta mabonge makubwa ya chuma ufukweni mwa kisiwa cha Disko, Greenland, moja likiwa la tani zaidi ya 20, akayachukulia kuwa vimondo. Baadaye ikabainika kwamba chuma hicho kimo ndani ya basalti ya palepale: lava ilipita kwenye tabaka zenye kaboni nyingi na kaboni ikanyang'anya oksijeni. Nakitaja kwa sababu Disko ndiyo karibu mahali pekee penye jambo hilo kwa wingi, na watu wanaotaka kukukatalia kimondo halisi hupenda kuitumia kama hoja.

Mambo machache hulikataa jiwe bila mjadala. Fuwele za kwatzi zinazoonekana kwa macho; vimondo havina. Matabaka. Mishipa myeupe inayokata jiwe. Umbo la mpira kamili, maana angahewa haitengenezi mipira. Na ile habari kwamba jiwe "linatoa mionzi" haina uzito wowote. Vimondo havina mionzi kupita mawe ya kawaida, na itale nyingi hutoa zaidi.

Kuna vimondo vinavyokwepa nusu ya niliyoyaandika. Vilivyotoka Mwezini, Mirihi, na vile vinavyofanana na lava ya asteroidi Vesta vina chuma kidogo sana, havina kondruli, na sumaku huvipuuza. Kama havina ganda, hata mimi nikivishika siwezi kuvitenga na mwamba wa volkeno bila vyombo. Cha kwanza cha Mwezi kutambuliwa kiliokotwa Antaktika mwaka 1982, mahali ambapo jiwe lolote juu ya barafu limeshatiliwa shaka. Kwa aliyeokota shambani, kudhania jiwe lisilo na dalili yoyote kuwa la Mirihi ni kubahatisha kupita kiasi, na maabara hazitakupokea kwa sababu hiyo pekee.

Ikiwa jiwe lako halina mapovu ndani, halikuacha mstari, densiti yake iko mahali panapoeleweka na dirisha linaonyesha chuma, liweke kwenye mfuko mkavu pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu, usilipake mafuta wala vanishi. Andika mahali halisi ulipoliokota, kwa vipimo vya GPS kama simu yako inavyo, pamoja na tarehe na kina. Piga picha za pande zote na za dirisha, zenye rula pembeni. Zipeleke kwanza picha hizo, pamoja na namba zako za vipimo, kwa idara ya jiolojia ya chuo kikuu au ofisi ya taifa ya utafiti wa miamba; barua yenye densiti iliyopimwa hujibiwa haraka kuliko ile yenye "zito sana". Uliza pia sheria ya nchi yako kabla ya kulitoa mikononi, kwani kwingine kimondo ni mali ya serikali, kwingine ni cha mwenye ardhi.

Uthibitisho wenyewe hauwi cheti cha muuzaji. Kimondo kinatambulika rasmi pale kinapoainishwa na mtaalamu, kikapewa jina na kamati ya Meteoritical Society, chama cha kimataifa cha wanasayansi wa vimondo, na kuingizwa kwenye orodha yake. Sharti mojawapo ni kuacha sampuli katika taasisi inayohifadhi: gramu 20 au asilimia 20 ya jiwe, kutegemea ipi ni ndogo. Kwa jiwe la ukubwa wa lako hizo ni gramu 20 tu, na kipande kilicho karibu na dirisha ulilofungua kitatosha.